Samadi ya Uwanja wa Watoto

Ndugu zangu wazazi, ninyi mlio na watoto shuleni na ninyi ambao wenu wamekwisha maliza, sogeeni karibu. Nina jambo la kuwaambia na sitalipamba. Lilitokea kwetu huku mlimani, juu ya Kwa Sadala, katika nyumba ambayo wengi tuliiheshimu. Nalisema mimi, Mama Daniel, muuza ndizi, ambaye watu husema simwamini mtu hata akiwa amelala. Basi na waseme.

Siku jambo hili lilipoanza, kijiji kilipendeza kukitazama. Ilikuwa Jumamosi, ukungu umeondoka, na watu walikuwa wakipita kwenye vijia vya katikati ya migomba, kila mmoja na mzigo wake wa samadi. Wanawake walibeba kichwani, wanaume walisukuma toroli, wazee walikaa langoni na kutuchokoza. Harufu ilikuwa kali, lakini hakuna aliyeziba pua. Sisi tunaofugia ng'ombe ndani, samadi kwetu ni mali. Ndiyo chakula cha migomba na kahawa, na mtu akikupa samadi yake bure, jua anakupenda kweli. Siku ile tuliitoa bure kwa ajili ya shule.

Aliyetushawishi ni Mwalimu Salvina, mwalimu wa michezo, aliyehamia kwetu kutoka Njoro, mjini Moshi. Kabla yake kipindi cha michezo kilikuwa jina tu kwenye ratiba. Watoto walipelekwa kupalilia kahawa ya shule, na hakuna mzazi aliyeuliza. Uwanja wenyewe ulikuwa mawe na vumbi. Mwalimu alisimama kwenye mkutano wa wazazi, akasema bila kuzunguka:

"Wazazi wangu, fedha inayoletwa shuleni inaishia kwenye chaki na madaftari, haifiki kwenye michezo. Mipira nitaomba kwa wahisani na nitaipata. Lakini uwanja hakuna atakayetuletea. Tuokote mawe, tumwage samadi, tupande ukoka, watoto wetu wakimbie kama watoto wengine."

Tukapiga makofi, hata mimi nisiyepiga makofi ovyo.

Ndipo aliposimama Eliaichi, mwenyekiti wa kamati ya shule. Huyu alikuwa pia mzee wa kanisa, mtu ambaye akiingia mahali, waliokaa humpisha kiti. Kihamba chake, yaani shamba lake la nyumbani, kimepakana na uwanja.

"Nampongeza mwalimu," alisema. "Ila samadi mbichi inaunguza majani. Lazima ioze kwanza. Ileteni kwangu, nitaifunika, na mvua zikikolea tutaimwaga uwanjani."

Maneno ya kweli kabisa, mkulima yeyote anayajua. Na hapo ndipo moyo wangu ulipoanza kusita. Kwa nini isiozee palepale shuleni, pembeni mwa uwanja? Kwa nini iingie nyuma ya lango la mtu? Nilimnong'oneza jirani yangu Mektrida, akanitolea macho.

"Mama Daniel, wewe! Huyo ni mzee wa kanisa."

Mvua za vuli zikaja zikapita. Mwalimu Salvina na watoto waliokota mawe makubwa, wakapanda ukoka, ukakauka wote kwa sababu chini hapakuwa na kitu cha kuulisha. Akaenda kwa mwenyekiti kuomba samadi, akaambiwa haijaoza. Mvua za masika zilipoanza akaenda tena. Safari hii Eliaichi alitoa toroli moja, akaisukuma mwenyewe mpaka uwanjani kila mtu amwone.

"Na nyingine, Mwenyekiti?" mwalimu aliuliza.

"Samadi ikioza hupungua, mwalimu. Wewe ni mtu wa mjini, huwezi kujua."

Nayo hupungua kweli! Huyu mtu alikuwa na ufundi wa kusema kweli. Lakini niambieni ninyi wenyewe, samadi ya kijiji kizima inaweza kupungua mpaka ikatosha kwenye toroli moja?

Asubuhi moja nikielekea sokoni nilikutana na mkewe, Magreth, na binti yao Gladness wa darasa la sita. Walikuwa wakitoka kwenye banda ilimowekwa samadi yetu, wakiingia katikati ya migomba, kila mmoja na kikapu kichwani, na juu ya vikapu wametandaza majani.

"Mama Gladness, za asubuhi?"

"Nzuri." Hakusimama.

"Mmebeba nini mapema yote hii?"

"Majani ya ng'ombe."

Zizi lao lilikuwa upande mwingine kabisa. Nilimtazama Gladness. Mtoto huyu akiniona hata kwa mbali hunipigia kelele ya salamu. Siku ile alisema "shikamoo, mama" huku akiangalia miguu yake. Nikaendelea na safari yangu, lakini kila niliyekutana naye njiani nilimtazama mara mbili.

Haukupita muda, maneno yakaanza kutembea. Mwalimu Salvina ameuza samadi yetu kwa wakulima wa nyanya kule tambarare. Mmoja alisema ameona gari. Mwingine hakuona gari, ila aliona mwalimu amevaa viatu vipya. Tukipeleka maziwa kuuza ni hilo, baada ya ibada ni hilo. Kila aliyenisimulia nilimuuliza, "Wewe umeambiwa na nani?" Akanitajia mtu, nami nikamfuata huyo mtu. Nilizunguka hivyo mpaka nikajikuta kwenye lango la Eliaichi. Hakuna mwanzo mwingine niliouona.

Lakini watu walimwamini, kwa sababu mwalimu alikuwa mgeni, hana mume, hana kihamba, na anacheka kwa sauti. Wakaanza kumwitikia salamu nusunusu. Mtu aliyekuja kutusaidia akawa anapita katikati yetu kama mwizi, na ilinichoma sana kuona hivyo.

Sasa kuhusu Gladness. Mtoto yule alikuwa na mbio, jamani. Mwalimu ndiye aliyeziona, akamfundisha kupumua na kuanza, na shule ikamchagua kwenda kushindana wilayani. Akifanya vizuri angekwenda mkoa, na huko mwalimu alikuwa na matumaini ya kumpatia nafasi kwenye shule inayolea wanamichezo. Mtoto hakuwa akizungumza jambo jingine. Alikuwa akitumwa chumvi anakwenda mbio, anarudi mbio.

Mashindano yakiwa yamekaribia, akifanya mazoezi kwenye uwanja ule, alikanyaga jiwe lililochomoza baada ya mvua, akaanguka juu ya mengine. Mguu ulivunjika chini ya goti, vibaya. Mwalimu Salvina alimbeba mgongoni mpaka barabarani, akapata gari, akampeleka hospitali ya Mawenzi, mjini Moshi. Alirudi kesho yake na blauzi ileile yenye damu.

Mngedhani baba angepiga magoti amshukuru. Eliaichi aliitisha mkutano.

"Mwalimu huyu amemkimbiza mwanangu kwenye mawe," alisema, na machozi yalikuwa ya kweli. "Samadi yenu ameiuza, na mguu wa mtoto wangu ameuvunja. Jumatatu tunakwenda kwa afisa elimu kumkataa."

"Samadi hiyo sijawahi kuishika," alisema Mwalimu Salvina. Hakuna aliyemsikiliza. Mektrida ndiye aliyepiga kelele kuliko wote kwamba aondoke.

Nikasimama. "Naomba kuuliza. Samadi ilikuwa nyuma ya lango la nani?"

Eliaichi alinigeukia polepole. "Mama Daniel, mwanangu yuko hospitali, na wewe unanidai mavi ya ng'ombe?"

Wakanizomea. Mtu na uchungu wake alikuwa amejificha nyuma ya kitanda cha mtoto, na hapo ungempataje? Nikakaa chini na hasira yangu.

Kabla ya Jumatatu hiyo ilikuwa Jumapili ya mavuno. Wasiojua desturi yetu niwaeleze. Siku hiyo kila nyumba hupeleka kanisani mazao yake bora, na baada ya ibada yananadiwa nje. Huku kwetu mwanamume hupimwa kwa mkungu wake wa ndizi. Hakuna anayelisema hilo, lakini kila mtu anachungulia mkungu wa mwenzake. Eliaichi angeweza kuleta kuku siku ile. Angeweza kuleta mkungu mdogo, akarudi nyumbani salama, na mwalimu angefukuzwa kesho yake. Hakuweza! Mchaga gani atakuwa na mkungu kama ule aufiche nyumbani?

Vijana wawili waliubeba kwa mti begani. Ulipoingia uani, watu waliokuwa wakiongea walisogea kuutazama. Mimi nimeuza ndizi maisha yangu yote na sikuwahi kuona mkungu wa namna ile ukitoka kwenye kihamba kile, ambacho udongo wake kila mtu alijua umechoka. Niligeuka kuwatazama watu. Macho yao yalikuwa yakienda kwenye mkungu, yanarudi kwa Eliaichi, yanaangalia chini. Hata Mektrida alikuwa ameacha kutafuna.

Mchungaji, mtu wa utani, ndiye aliyekuwa akinadi. "Mangi," alimwambia Eliaichi, akimtania kwa kumwita chifu, "mgomba huu umeulisha nini?"

Watu wakacheka kidogo. Eliaichi akanyoosha koti lake. "Ni baraka tu, Mchungaji."

"Siyo baraka."

Alikuwa Magreth. Alikuwa ametoka Mawenzi asubuhi ile, alikokuwa akimuuguza mtoto, na kitambaa chake cha kichwa kilikuwa kimekaa upande.

"Mama Gladness, kaa chini," mumewe alisema.

"Nimekaa vya kutosha. Mchungaji, umeuliza mgomba umelishwa nini. Umelishwa uwanja wa watoto. Samadi yenu niliibeba mimi kwa kichwa hiki, na Gladness akabeba, na huyu hapa akatuambia tufunike kwa majani. Mwalimu hajui lolote. Mwanangu ameangukia mawe ili sisi tuvune mkungu huu. Haya, unadi! Nione atakayeununua."

Mchungaji hakuunadi. Alishusha mkono, akasema tuombe. Mwalimu Salvina, aliyekuwa amesimama peke yake karibu na ukuta, alifunika uso kwa mikono akalia. Mektrida akamwendea, akamshika mkono.

Eliaichi alivuliwa uenyekiti, na wazee wa kanisa wakamweka pembeni. Hayo yalimpata, na mimi sikumhurumia. Nilimhurumia baadaye, kwa jambo jingine.

Wiki ile tulikwenda Mawenzi kumwangalia mgonjwa. Daktari alikuwa ameshawaambia wazazi kwamba mguu utaunga, mtoto atatembea, lakini utabaki mfupi, na mbio za mashindano asahau. Gladness alikuwa amelala akiangalia dari. Baba yake akaingia na chupa ya mtori, ule mchuzi wetu mzito wa ndizi na nyama tunaowapa wagonjwa na wanawake waliojifungua. Alikuwa ameupika mwenyewe, maana Magreth alikuwa hospitalini. Akamimina kwenye bakuli, akakaa kitandani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kunywa upate nguvu."

Mtoto alilitazama bakuli. "Ndizi hizi ni za wapi?"

Eliaichi aliinamia bakuli. Mtu yule aliyekuwa na jibu kwa kila mkutano akaanza kukoroga mtori kwa kijiko.

"Basi weka hapo, baba," Gladness alisema kwa upole, akageukia ukutani.

Hakuliweka. Alilishika bakuli lile kwa mikono miwili mpaka mtori ukapoa ukaganda juu, na sisi tukatoka nje, kwa sababu hakuwa tena mtu wa kutazamwa.

FUNZO

Wazazi wenzangu, watu wakisikia neno wizi wa shule hufikiria mabati na saruji. Michezo wanaiona kitu cha ziada, hivyo kinachotolewa kwa ajili yake hakichungwi, na anayekichukua haoni kama ameiba. Lakini alichochukua Eliaichi kilikuwa miguu ya watoto, na katika miguu hiyo ilikuwemo ya mwanawe.

La pili ni letu sote. Tulishuku sana, ila tulimshuku aliye rahisi kushukiwa. Mgeni tulimhukumu kwa viatu vyake, na mkubwa tukamwamini kwa kiti chake. Kushuku siyo kosa, mimi nashuku mpaka leo. Kosa ni kunong'ona badala ya kwenda kuangalia.

Kwa hiyo mali ya watoto ikae shuleni, mahali ambapo kila mzazi akipita anaiona. Aliyekabidhiwa akikwambia ipo, mjibu kwa heshima, "Twende tukaione." Akikasirika, tangulia wewe.