Ulisaini Mwenyewe

Siku ya kuwasilisha kazi, saa nne asubuhi, duka la kuchapisha lililo ndani ya geti la chuo halikuwa na pa kukanyaga. Printa tatu zilinguruma, harufu ya gundi ya moto imetanda, na kila mtu aliapa kwamba yeye ndiye aliyefika wa kwanza.

Katikati ya msukumano huo alipenya msichana mwenye sketi nyeusi ya heshima, blauzi nyeupe iliyopigwa pasi, na chini raba za manjano. Juu hakimu, chini mkimbiaji. Alikuwa mwaka wa mwisho wa shahada ya pamoja ya mawasiliano ya kidijitali na sheria. Wenzake walimwita Wakili Bando, kwa kuwa ubishi na intaneti havikuwahi kumwishia.

"Nakala mbili, zijalidiwe. Nina dakika ishirini," alisema akisukuma flashi juu ya kaunta.

Fundi, kijana mrefu mwenye aproni ya kijivu na penseli sikioni, hakuinua macho. Wanafunzi walimwita Jalada. "Jalada la rangi gani?"

"Yoyote."

"Hakuna yoyote. Sheria wanataka bluu, mawasiliano wanataka kijani. Ukikosea wanakurudisha, halafu unakuja kunililia mimi."

"Basi moja bluu, moja kijani."

"Kumbe umeolewa na vitivo viwili!" Hapo ndipo alipoinua macho, na alichokiona kilimpotezea utani uliokuwa ukifuata. "Na... na wote wawili wanajua?"

"Wanajua. Na kila mmoja anadhani yeye ndiye mkubwa."

Jalada alicheka, akajalidi kazi kichwa chini miguu juu, kosa ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka mitatu. Ikabidi aanze upya huku foleni ikimtukana. Wakili Bando alichelewa dakika sita, na jioni akarudi kulalamika. Malalamiko yale yalichukua saa mbili, na yaliisha wakiwa wamepeana namba.

Kufikia wiki ya tatu simu zilikuwa kumi kwa siku.

"Uko wapi, laazizi?"

"Kwenye mhadhara wa kashfa."

"Kashfa ya nani tena?"

"Sheria ya kashfa, wewe! Nimetoka mara moja. Nikimaliza hapa nakimbilia studio kuhariri sauti, kisha maktaba."

"Na mimi nipo kwenye ratiba?"

"Uko kati ya studio na maktaba. Dakika kumi na tano. Usizichezee."

Mama yake msichana alikuwa amemwonya mapema kwamba mshika mbili moja humponyoka, naye akajibu kwamba Mungu kampa mikono miwili. Jeuri tu. Watu wa sheria walimfundisha asiseme neno bila ushahidi, watu wa mawasiliano wakamfundisha kwamba lisiloonekana halipo. Akiwa huku, moyo uko kule. Alitulia akiwa na Jalada pekee, na hata hapo mguu mmoja haukuacha kutikisika.

Alhamisi moja Jalada alimtumia ujumbe wa sauti, kwa sababu ana kwa ana alishindwa.

"Kipenzi, mimi nilisoma hapahapa. Mwaka wa pili nilifeli, nikaona aibu kurudi darasani. Dada yangu, yule muuguzi, ndiye aliyenilea, na anadhani nilimaliza. Niliazima joho, nikapiga picha, nikamtumia. Ameitundika sebuleni. Kila nikienda kumsalimia, ile picha inanitazama. Ipo siku nitamwambia."

Wakili Bando aliusikiliza mara nne, akalia. Mara ya tano hakulia, alisikia mradi. Mradi wake wa mwisho ulikuwa filamu fupi juu ya mambo ambayo watu huficha, nayo ilitakiwa ikae mtandaoni wiki mbili. Mawasiliano wangesahihisha namna ilivyowafikia watu. Sheria wangesahihisha kama kila mhusika alitoa ridhaa.

Basi alipeleka fomu ya ridhaa dukani saa sita mchana, wakati wa pilikapilika. "Saini hapa, mpenzi. Natumia sauti yako kidogo kwenye mradi."

Jalada alikumbuka siku msichana alipomrekodi akieleza mashine ya kujalidi inavyofanya kazi. Akadhani ndiyo hiyo. Kwa siku alisaini karatasi thelathini za mizigo na risiti, na hii aliisaini vivyo hivyo, na gundi vidoleni. Msichana aliona wazi kwamba hakuisoma. Aliona, akanyamaza, akaikunja fomu akaitia mkobani.

Filamu ilipanda Jumatatu: joho limetundikwa, upepo unalipeperusha, na sauti ya Jalada ikisema siri yake. Jumatano ilikuwa imetazamwa na watu elfu arobaini. Mmoja wao alikuwa muuguzi.

"Umefanya nini?" Jalada alipopiga simu hakuwa na salamu siku hiyo.

"Mpenzi, jina halipo, uso haupo..."

"Sauti ipo! Dada anaijua sauti hii tangu inalilia uji. Ameisikia wodini, kwenye simu ya mwenzake, watu wanacheka. Kanipigia, kasema neno moja tu. 'Kumbe.' Akakata."

"Lakini..."

"Lakini nini?"

Na hapo kinywa kikaponza kichwa. "Lakini ulisaini mwenyewe."

Upande wa pili printa ilisikika ikinguruma.

"Kweli, wakili," Jalada akasema. "Nilisaini."

Simu ikakatika. Msichana alipiga tena mara kumi na tisa, haikupokelewa. Usiniulize alijisikiaje. Alimpenda yule kijana, na alijua kamuumiza mahali ambapo yeye peke yake ndiye aliyeonyeshwa.

Ijumaa alikwenda kwa msimamizi wake wa sheria, mama mkavu asiyecheka hovyo.

"Fomu imekamilika," mwalimu alisema akiigeuza. "Alama zote. Tatizo nini?"

"Aliyesaini hakujua anasaini nini."

"Amekwambia?"

"Nilimwona."

Mwalimu alivua miwani. "Ameomba uiondoe?"

"Hawezi kuomba. Amekasirika mno."

"Ukiiondoa kabla ya wiki mbili, wenzetu wa mawasiliano hawatakuwa na cha kusahihisha. Utarudia muhula. Wenzako watahitimu, wewe utawapigia makofi. Unalijua hilo?"

"Nalijua, mwalimu."

"Basi mbona umekuja kwangu?"

Alitoka, akatembea ukumbini kwenda na kurudi, simu mkononi. Elfu arobaini na sita. Miaka yote ya chuo aliota namba kama ile. Akafuta filamu, akawaandikia wasimamizi wote wawili ukweli mtupu, kisha akakaa kwenye ngazi.

Jalada hakuambiwa. Aligundua siku ya kujalidi ripoti za mwisho, darasa zima lilipopanga foleni na mmoja akakosekana. Akauliza, akaelezwa, akaacha printa inakula karatasi, akampigia simu.

"Kwa nini hukuniambia umeifuta?"

"Ningekwambia, ungeona nataka shukrani. Na maji yakimwagika hayazoleki."

"Mbona unahema?"

"Natembea. Siku hizi siwezi kukaa chini."

"Hata mimi. Nimejikata vidole mara mbili wiki hii. Bado nina hasira na wewe, ujue."

"Kuwa nayo. Unayo haki."

"Na nakupenda, jambo ambalo linanizidishia hasira."

"Nami nakupenda. Nilikukosea, Jalada. Sitafuti kifungu cha kujitetea."

Alimsikia akivuta pumzi. "Jumapili naenda kwa dada. Simu zangu hapokei, lakini nataka kumweleza yote ananiona usoni. Nilikuwa nafikiri, kama ungekubali tuwe wawili, siyo kama rafiki, kama m..."

"Nakubali."

"Sijamaliza!"

"Utamalizia njiani."

Alimalizia njiani kweli, kwenye kona ya pili, kwa sauti ya chini na kigugumizi kingi, akajibiwa ndiyo kwa mara ya pili.

Dada mwenyewe ndiye aliyefungua mlango, amevaa gauni la nyumbani, macho bado ya mtu aliyetoka zamu. Alimtazama mdogo wake muda mrefu. Kisha akamtazama msichana muda mrefu zaidi.

"Huyu ndiye?"

"Ndiye, dada. Mchumba wangu."

"Shikamoo, dada," Wakili Bando alisema.

Jibu lilichelewa, lakini lilikuja. "Marahaba. Ingieni. Nani anaanza kusema?"

Wakili Bando alikuwa na maelezo matatu tayari, yamepangwa vizuri, moja baada ya jingine. Aliyameza yote.

"Mimi, dada," Jalada alisema, akaanza.