Mgonjwa Aliyekutwa Akila Sombe

Kila asubuhi Mawazo alijaza madumu mawili bombani, akafagia ua, akavaa sare yake, kisha akashika njia ya vumbi ya mtaa wa Kinama kwenda shuleni akiwa ameshakunja uso. Msichana wa miaka kumi na miwili hapaswi kununa hivyo jua likiwa bado changa, lakini Mawazo alikuwa na sababu yake. Ulikuwa mwezi wa tatu tangu wahamie Bujumbura kutoka Bukavu, Kongo, baba yake alipopata kazi ya fundi umeme katika kiwanda cha sabuni, na bado hakuwa na rafiki hata mmoja.

Si kwamba hakujaribu. Aliwaazima wenzake kalamu, wakachelewa kuzirudisha, akanyamaza. Aliruka kamba mpaka magoti yakamuuma. Aliwasalimu wote, hata wale wavulana wa dawati la nyuma ambao hawamwitikii mtu. Wenzake walimjibu vizuri tu, halafu wakageuka na kuendelea na yao. Jambo hilo lilimkera kuliko kupigwa.

Wakati wa mapumziko, Mélissa, aliyeketi naye dawati moja, alifungua mfuko wa karanga za kuchemsha. Mfuko ukapita mkono kwa mkono.

"Shika, Mawazo," alisema siku za mwanzo.

"Apana, merci."

Kila siku jibu lilikuwa hilohilo. Baadaye mfuko ukaanza kumruka, na Mélissa akawa anampa mgongo.

Mawazo alikuwa anamtii mama yake, Mama Rosette. Mtaani kwao Bukavu watu waliogopa sana sumu, na mama huyo alikuwa amemwonya tangu anajifunza kutembea: "Usikule kwa watu! Hata maji usikunywe." Kule, mama za wenzake wote walisema vivyo hivyo. Mtoto alikataa chakula, wenzake wakacheka, mchezo ukaendelea. Haikumpitia Mawazo akilini kwamba hapa ukikataa kilichotoka mkononi mwa mtu, umemkataa mwenyewe.

Siku moja mwalimu Sylvère alimwita mbele. "Mawazo, hesabu unazijua sana, lakini Kirundi ni sufuri. Usipokishika kabla ya mwisho wa muhula, nitakurudisha darasa la nne. Kuanzia leo utasoma nyumbani kwa kina Mélissa, pamoja naye na rafiki yake Ingrid, kila Jumatano."

Darasa la nne, akae na watoto wanaomfika kiunoni! Jumatano hiyo alikwenda mbio.

Mama yake Mélissa, Mama Caritas, alikuwa muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, sokoni, mwanamke mnene, mchangamfu. Kabla hawajafungua hata daftari, aliwawekea sinia la maharagwe na ndizi, mafuta ya mawese yaking'aa juu. Harufu ilimpanda Mawazo mpaka kichwani. Wote wakamtazama.

"Mi niko mugonjwa, Mama," alisema. "Niko na vidonda mu tumbo. Dokta alinikataza kula ovyo."

Uongo huo ulitoka laini, hata yeye mwenyewe akashangaa.

Mama Caritas alijishika kifua. "Mutoto mudogo hivi! Pole sana."

"Kumbe ni vile!" Mélissa aliruka. "Mi nilifikiri unatudharau. Ingrid, si nilikuambia anatudharau?"

Basi kuanzia siku hiyo Mawazo akapata marafiki. Mélissa alimfundisha Kirundi kwa subira, Ingrid akambebea mkoba. Ungedhani sasa atafurahi. Wapi! Alipokwenda kuruka kamba, walimvuta akae chini: "Apana, tumbo yako!" Alipocheka kwa nguvu, wakamwambia atajiumiza. Wengine walikula, yeye akabaki anahesabu meno yao. Ilibidi atembee polepole na kushika tumbo kila alipokumbuka, na mara nyingine alishika upande usiofaa. Kila jioni alirudi nyumbani amechoka kwa hasira, akijikasirikia yeye na kuwakasirikia wao kwa wema wao. Hawakuwa marafiki zake hasa. Walikuwa marafiki wa yule mgonjwa.

Jumapili ya pili tangu uongo ule, baada ya kanisa, Mama Rosette alipika ugali wa fufu na sombe ya majani mabichi ya muhogo, yenye samaki wa kukausha na pilipili ya kutoa machozi. Mawazo aliketi uani na bakuli lake. Alikuwa amejaza mashavu yote mawili mlango wa ua ulipogongwa.

Wakaingia Mama Caritas amevaa kitenge cha kutembelea watu, na Mélissa amebeba kibuyu kwa mikono miwili. Mtu akiugua, majirani huenda kumwona, tena hawaendi mikono mitupu. Walikuwa wamekuja na uji wa mtama.

"Mama Mawazo, tumekuja kuona mugonjwa," alisema Mama Caritas.

"Mugonjwa?" Mama Rosette aligeuka huku na huku. "Mugonjwa gani?"

Mélissa alikuwa anaitazama pilipili nyekundu kidevuni mwa Mawazo. Mawazo alitamani ardhi immeze pamoja na bakuli. Angeweza kusema amepona jana. Maneno hayo yalishafika ulimini. Lakini alifikiria Jumatano nyingine ya kushika tumbo, akahisi hawezi tena hata kidogo.

Akameza. "Mi siko mugonjwa. Sijawahi kuwa mugonjwa. Nilidanganya juu ya chakula... niliogopa sumu."

"Sumu?" Sauti ya Mélissa ilipanda. "Mama yangu anaweza kukutilia sumu? Karanga zangu ziko na sumu?"

"Si wewe! Ni watu wote. Mama alinikataza kula kwa watu."

Mama Rosette aliinamisha macho. Uso mchangamfu wa Mama Caritas ulizimika. Kisha akaomba kikombe. Akamimina uji, akanywa mafunda mawili mbele yao, akafuta ukingo kwa kiganja na kumnyooshea Mama Rosette.

"Hapa kwetu, anayetoa ndiye anaonja kwanza," alisema. "Hata wazee wetu walijua kwamba mutu anaweza kuogopa. Kuogopa si matusi, dada. Ungeniambia tu."

Mama Rosette alikitazama kikombe. Akakipokea, akanywa, akampa binti yake. Uji ulikuwa na uchachu na utamu. Mawazo akanywa mpaka chini.

"Mi bado nimekasirika," Mélissa alisema.

"Najua. Unisamehe."

"Jumatano utakuja. Na kamba utaruka mpaka uombe maji."

Waliwasindikiza wageni hadi kona. Waliporudi, Mama Rosette alimshika binti yake bega.

"Mawazo, ile amri ilikuwa yangu, na niliileta huku bila kuuliza watu wa huku wanaishi namna gani. Hilo ni kosa langu, na mbele ya Mama Caritas nimeliona. Lakini uongo ulikuwa wako. Sikiliza, mwanangu. Ukimwambia mutu kwamba unaogopa, anaweza kuonja mbele yako mpaka woga uishe. Ukimdanganya, atakuonjea nini?"