Usiku wa Kuamkia Tarehe Kumi na Sita

Ofisi ya tiketi ilifurika watu siku ile fundi lifti alipojipenyeza hadi kaunta ya tatu, ovaroli ya buluu mwilini, viganja vyeusi kwa grisi, akauliza huko anakoitwa kazini ni mbali kiasi gani.

"Kilomita elfu kumi na mbili," mkata tiketi akajibu bila kuinua uso. "Saa kumi na tisa, pamoja na nne za kusubiri ndege ya pili."

"Na nikitembea?"

Bibie akainua uso. Hapo ndipo alipokwisha, maskini, maana kijana alikuwa na tabasamu la kumtoa nyoka pangoni.

Miezi mitatu walipendana bila kificho. Fundi alikuwa akimpigia simu kutoka kwenye maghorofa.

"Niko ya kumi na nane, mpenzi. Nakuona."

"Mwongo wewe! Haya, nimevaa nini?"

"Umevaa uzuri."

Bibie alicheka mpaka wateja wakageuka. Kisha kibali cha fundi cha kazi kikatoka, na tiketi akaikata bibie mwenyewe.

Ndege ya kule huondoka saa sita na dakika ishirini usiku. Hakosekani msafiri anayesoma tarehe vibaya akafika uwanjani siku nzima amechelewa. Ndiyo maana bibie alimzungushia kila mteja tarehe kwa kalamu nyekundu: "Ni usiku wa kuamkia kumi na sita. Uwanjani uende tarehe kumi na tano jioni, umenisikia?" Tiketi ya fundi hakuizungushia, wala hakumwambia neno. Alimkabidhi bahasha na kujidanganya kwamba amesahau.

Tarehe kumi na sita mchana fundi akampeleka kula chakula cha kuagana. Alipendeza, shati jeupe jipya, kucha zimesuguliwa zikatakata. Bibie alivaa gauni la zambarau na hakuweza kumeza hata tonge.

"Mbona huli, mpenzi? Saa kumi na tisa tu! Kesho jioni nakupigia nikiwa kule." Akakunjua fomu ya mwajiri. Penye nafasi ya mwenzi palikuwa na jina la bibie, kwa herufi kubwa. "Miezi sita ya majaribio ikiisha, nawe unapanda. Nilitaka nikuulize leo, ana kwa ana. Utakubali nikuoe?"

Machozi yakamtoka bibie. "Ndege imeondoka."

"Ndege ipi?"

"Yako. Jana usiku."

Fundi akaitazama tiketi, akamtazama yeye. "Ulikosea?"

"Sikukosea. Nilitaka ubaki."

Fundi akampigia mwajiri simu palepale mezani. Hakuongea sana. Kule walisema hawangoji ndege nyingine, wanamwita aliyemfuata kwenye orodha; kazi ikawa imekwenda hivyo.

"Watu baki wote unawaonya," akasema taratibu. "Mimi ukaninyamazia."

"Nisamehe, mpenzi wangu. Nilikupenda mno, niliogopa."

"Nami nimekuwa nikingoja unizuie. Kila siku. Nikasema moyoni, akitamka tu, siendi."

"Basi si umebaki? Tuanze upya, nakuomba!"

"Siwezi. Kila utakaponiambia jambo, nitajiuliza ni lipi umeliacha."

Akainuka, akachukua koti. Fomu akamwachia mezani, na bibie akakaa nayo mpaka mhudumu alipokuja kuondoa sahani.