Yule Mwekundu

Mtu aliyeuza miwani kwa miaka ishirini na miwili ungetegemea aone anapokanyaga. Huyu hakuona. Ukumbi wa vifurushi wa posta ulikuwa umejaa hadi mlangoni Ijumaa ile, watu wamebanana na risiti mkononi, naye akarudi nyuma hatua moja kumpisha mama mwenye boksi. Kisigino chake kikatua juu ya kitu kilicholia kacha!

"Samahani sana, dada. Naona miwani yako limevunjika."

"Imevunjika," alijibu mwanamke aliyekuwa ameinama akipapasa sakafu.

"Si ndivyo nilivyosema?"

"Umesema limevunjika. Miwani imevunjika. Na aliyeivunja ni wewe."

Mwanamke huyo alikuwa akisahihisha vitabu vya shule kabla havijachapwa. Wenzake kwenye kampuni ya uchapishaji walimwita Bi Kalamu, mbele yake kwa heshima, nyuma yake kwa sababu nyingine. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, sketi ya kijivu iliyonyooshwa kwa pasi, blauzi nyeupe iliyofungwa vifungo hadi kooni, na shingo ndefu ambayo vifungo vile vilishindwa kuificha. Fundi Miwani, miaka arobaini na tisa, aliiona shingo. Vitu vya namna hiyo aliviona vizuri.

Akachomoa bisibisi ndogo mfukoni mwa shati, akachuchumaa palepale kwenye foleni, akaanza kunyoosha fremu.

"Ikipona utanipa namba yako?"

"Ikipona nitakupa asante."

"Asante haipigiwi simu."

Bi Kalamu alicheka kabla hajajizuia, na huko ndiko kujikwaa kwenyewe. Alitoka posta na miwani iliyopinda kidogo upande wa kulia, Fundi Miwani akatoka na namba.

Mwezi uliofuata walifanya mambo yote ambayo watu wazima huwacheka vijana kwa kuyafanya. Walipigiana simu asubuhi kuulizana wameamkaje, na mchana kuulizana habari za asubuhi.

"Sukari yangu, unafanya nini?"

"Nasahihisha. Na sukari haina 'yangu' wala 'yako', naona kila mtu anaitwa hivyo."

"Basi wewe ni chumvi yangu."

"Hapo sawa. Chumvi ikizidi utaijua."

Siku moja, wakinywa chai kwenye mgahawa ulio mkabala na duka la Fundi Miwani, Bi Kalamu aliacha kutania. Alimweleza habari za aliyekuwa mumewe, aliyekaa miaka mitatu na mwanamke mwingine, mtaa mzima unajua isipokuwa mke mwenyewe.

"Sikiliza, mpenzi. Umaskini nitavumilia. Kukoroma nitavumilia. Lakini kugombania nafasi na mwingine, sitafanya tena. Siku nikijua mimi ni wa pili, naondoka, wala sitapiga kelele."

"Wa pili? Wewe ni wa kwanza na wa mwisho."

Alisema hivyo akimshika mkono, na wakati ule alikuwa anasema kweli. Watu wa aina yake husema kweli mara nyingi sana, kila wakati na kweli yake. Bi Kalamu alimwamini. Usiku huo alifungua kabati, akatoa nguo ambazo hakuwa amezigusa tangu talaka, akazining'iniza zipate hewa.

Sasa, mwanamume akipenda katika umri ule, kitu cha kwanza kumtoka ni haya, na akili hufuata njia ileile. Fundi Miwani alijitazama kwenye kioo ambacho wateja hujaribia fremu, akaona mtu wa kawaida mwenye kitambi cha kawaida. Mwenye busara angepunguza kitambi. Yeye akaamua kwamba mwanamke kama Bi Kalamu hawezi kuposwa na mtu wa kawaida ndani ya gari la kawaida. Angenunua gari la michezo, la milango miwili, la paa la kukunja, jekundu, na angemposa humo humo. Jipya hakuliweza, basi akaenda kwenye yadi ya magari yaliyotumika. Hakuwa amewahi kununua gari maishani. Alilokuwa nalo alirithi kwa kaka yake, pamoja na harufu yake.

Dalali wa yadi aliitwa Mheshimiwa na kila mtu lakini hakuheshimiwa na mtu yeyote. Alivaa suti ya bluu mpauko na viatu vilivyochongoka, na alimsoma mteja wake tangu anavuka barabara.

"Bosi, umekuja kwa ajili ya yule," alisema, akivuta turubai.

Lilikuwa jekundu. Lilikuwa chini, refu, na pana nyuma, na rangi yake ilikuwa mpya kuliko miaka yake. Fundi Miwani alipiga teke tairi, kwa kuwa alishaona watu wakifanya hivyo. Akafungua boneti, akaitazama injini kwa muda wa heshima, akafunga.

"Hili lina miaka mingapi?"

Mheshimiwa akashika kifua. "Bosi! Usimwite hili. 'Hili' huitwa gari la kubebea saruji. Huyu ana roho. Ukimwita hili, anaweza kununa asiwake."

"Haya. Huyu ana miaka mingapi?"

"Kumi na mbili. Mwenyewe alikuwa mama mmoja mtu mzima, alikuwa anamtoa Jumapili tu."

Alikuwa na kumi na tisa, na Jumapili zake zilikuwa nyingi. Ndani palinukia marashi makali, na chini ya marashi palinukia unyevu. Fundi Miwani alivuta pumzi, akanusa marashi. Akabonyeza kitufe, paa likainuka, likajikunja, likalala nyuma. Akabonyeza tena likarudi, huku Mheshimiwa akiwa amesimama kwenye kona ya kushoto na kiganja juu ya paa, kama anayembariki mtoto. Kiganja hicho kilikuwa kinasukuma kwa nguvu. Pale paa lisiposukumwa huwa linakwama, na hilo alijua kila mtu yadini, hata mlinzi.

"Sekunde kumi na mbili tu," alinong'ona mnunuzi.

"Anakufaa, bosi. Mnafanana."

Ni sifa ya hovyo hovyo, lakini ilimwingia moja kwa moja. Tangu saa hiyo hakuwahi tena kusema "hili".

Siku mbili baadaye Bi Kalamu alitoka kazini mapema, akapitia dukani kumshtua mpenzi wake. Alikuta mlango umerudishiwa. Nyuma ya kabati la fremu, sauti aliyoijua ilikuwa inaongea na simu.

"Nimekwambia ni wangu. Usimwonyeshe mwanamume mwingine... Najua ametumika, kwani mimi ni mpya? ... Nimemwota jana usiku, nakuapia. Ule mgongo! Na ukishamfunua juu, unasahau hata jina lako... Hapana, mpenzi wangu hajui, nitamwonyesha baadaye, ataelewa tu... Jumamosi nakuja kumchukua. Nimeshaandaa pa kumlaza."

Mwanamke mwingine angeingia na kumvunjia kabati. Huyu alisimama akifanya kazi yake. Miaka kumi na minane alikuwa amewakata waandishi kwa wino mwekundu kwa kuchanganya ngeli. Alijua kwamba mtu hasemi "kumchukua" na "kumlaza" ila kwa kiumbe mwenye uhai. Akampa nafasi moja ya mwisho. Wanyama nao huingia humo: labda amenunua ng'ombe. Lakini ng'ombe hafunuliwi juu.

Akatoka taratibu. Hakupiga kelele, kama alivyoahidi.

Alilia siku tatu nyumbani kwa dada yake mkubwa, mama wa nyumba mwenye waume wawili nyuma yake na maoni kwa kila jambo.

"Umemwona?" aliuliza dada.

"Nimemsikia. Ana mgongo."

"Wote wanayo migongo, mdogo wangu. Mbona na wewe unao?"

"Dada, tafadhali."

"Nakuuliza tu. Kama ni mgongo, vaa lile gauni lako la kijani, uende ukamgeuzie wako."

Simu ya Bi Kalamu iliita mara arobaini na moja, na mara zote aliitazama ikiita. Siku ya nne Fundi Miwani mwenyewe alikuja kwenye kampuni ya uchapishaji, akasimama mapokezini na macho mekundu. Walau alikuwa amekosa usingizi, hilo tumhesabie.

"Chumvi yangu, nimekukosea nini?"

"Ni nani?"

"Nani nani?"

"Mwenye mgongo! Unayemfunua juu! Uliyemwandalia pa kulala!"

Mhudumu wa mapokezi aliacha kupiga chapa. Fundi Miwani akakodoa macho, kisha akaanza kucheka, akacheka hadi akashika meza. Akamvuta mkono mpaka nje. Kando ya barabara, katikati ya pikipiki na gari la taka, lilikuwa limeegeshwa lile dude jekundu.

"Huyu hapa."

Bi Kalamu alilitazama. Akalizunguka. Moyo wake ulikuwa unashuka kutoka kooni polepole, na nafasi yake ilikuwa inashikwa na aibu.

"Nimelia siku tatu kwa ajili ya gari?"

"Gari la michezo."

"Basi kwa nini husemi 'hili', wewe mtu?"

"Ukimwita hili, ananuna."

Hapo ndipo angetumia kalamu yake. Lakini alikuwa amefurahi, na furaha humfanya hata msahihishaji aruke mistari. Akamkumbatia mbele ya gari la taka, akamwambia amemkumbuka, akamwambia ni mjinga, na yote mawili yalikuwa kweli. Fundi Miwani akambusu paji la uso, kisha akamwomba asiegemee mlango, rangi ilikuwa bado laini.

Jumapili akaja kumchukua. Bi Kalamu alivaa lile gauni la kijani, hariri nyepesi iliyoacha mabega wazi, na kitambaa cha rangi ya dhahabu kichwani. Fundi Miwani alivaa jaketi jeusi la ngozi na glavu zisizo na vidole. Ndiyo, glavu. Dada mkubwa aliziona kutoka dirishani, akarudi ndani akakaa.

Walizunguka mji na paa likiwa chini. Alipita mtaa wa maduka mara tatu. Bi Kalamu, ambaye alikuja akiwa tayari kuudharau upuuzi huo, alijikuta anatabasamu. Upepo ulikuwa mabegani, na yule mwanamume kando yake aliimba vibaya kwa raha zake. Kwa muda wa saa moja alikuwa na furaha, nami siwezi kumnyang'anya saa hiyo.

Mpenzi wake alichagua taa nyekundu yenye watu wengi kuliko zote. Akasimamisha gari, akavua glavu ya kulia kwa meno, akatoa pete.

"Nyumba yangu ni ndogo na mimi ni wa kawaida," alisema, na lilikuwa neno zuri kuliko yote aliyowahi kusema. "Nioe. Yaani nikuoe. Unikubali."

"Umekosea mara moja tu," alisema Bi Kalamu, machozi yakimtoka. "Nimekubali."

Watu kwenye kivuko walipiga makofi. Abiria wa basi walichungulia madirishani. Pete ilimtosha barabara. Kisha tone likadondoka kwenye kioo cha mbele, la pili likafuata, na mbingu ikafunguka yote kwa mkupuo.

Fundi Miwani akabonyeza kitufe. Paa likainuka hadi nusu, likatetemeka, likagoma kona ya kushoto. Akabonyeza tena. Nyuma yao honi zikaanza. Mvua ilikuwa inampiga Bi Kalamu usoni, hariri imemgandia mwilini, kitambaa kimemdondokea shingoni.

Fundi Miwani akavua jaketi.

"Inuka kidogo, mpenzi," alisema.

Bi Kalamu akainuka, akainamisha mabega alipokee. Jaketi likapita nyuma yake, likatandazwa juu ya kiti alichokuwa amekikalia, likasukumiwa vizuri pembeni kwa viganja viwili.

"Ngozi yake ikilowa inapasuka," alieleza mwanamume, akipiga kelele kushinda mvua. "Shuka ushike huku kwenye kona, tumsukume pamoja. Polepole, usimkwaruze!"

Bi Kalamu akashuka. Akashika kona, akasukuma. Paa likafunga kwa mlio mzuri. Kisha akavua pete, akafungua mlango, akaiweka juu ya jaketi mahali ambapo haitalowa. Uchumba ulikuwa umedumu dakika tisa. Alitembea hadi kwenye banda la mabasi, akasimama na watu wengine waliolowa, na hakugeuka, japo honi moja iliita jina lake la mapenzi kwa muda mrefu kwa namna ya honi.

Kesho yake saa nne asubuhi simu ililia. Alikuwa jikoni kwa dada yake, amejifunga shuka, anapiga chafya, macho yamevimba. Akapokea. Alijiambia kwamba mtu aliyepaniki kwenye mvua anastahili neno moja zaidi. Nafasi hiyo aliitoa kwa moyo wote, maana bado alikuwa anampenda.

"Chumvi yangu," sauti ilisema, imekauka kwa kukosa usingizi. "Sijalala. Nilichokifanya jana sijui hata nikieleze vipi."

Bi Kalamu akafumba macho. Sauti yake mwenyewe ikalainika.

"Umekauka lakini?"

"Bado, mpenzi," alijibu Fundi Miwani kwa uchungu. "Zulia la upande wako limenyonya maji mpaka chini. Nimewasha feni tangu saa kumi."

Dada mkubwa alisikia kishindo cha sauti kutoka jikoni, akaja mbio na taulo, akidhani mdogo wake ameanza tena kulia. Alimkuta ameshika ukingo wa meza, simu imezimwa kando ya birika, anacheka hadi shuka limemdondoka.