Mkono Unaoita

Hivi wewe, mkono wako ukiacha kukutii, utaanza kumweleza nani? Usijibu haraka. Prudencia alidhani angeeleza dunia nzima, kumbe hakumwambia hata mama yake.

Ilianza kwenye mteremko wa Mkuyuni, jua bado kali, yeye na Queen wakitoka chuoni kwenda kwenye chumba walichopanga. Wote wawili walikuwa wanasomea udaktari. Bodaboda ikafunga breki mbele yao, kisha ya pili, kisha ya tatu.

"Dada, umeniita mimi," dereva wa kwanza akasema.

"Akuite wewe na helmeti hiyo? Kaniita mimi."

"Sijamwita mtu," Prudencia akasema. Lakini mkono wake wa kulia ulikuwa umenyooka mbele, kiganja chini, vidole vikijikunja na kujikunjua: njoo, njoo.

Queen alicheka mpaka nyumbani. Prudencia hakucheka. Alihisi kano, zile kamba nyembamba zinazokunja vidole, zinavutwa kutoka ndani, kana kwamba kuna mtu amezishika huko karibu na kiwiko.

Baadaye ikaja harufu. Formalini, dawa ya kuhifadhia miili ya kujifunzia, ni ngumu kutoka hata ukijisugua, ila hii ilikuja tu mkono ulipotaka kuita. Mbwa wa mwenye nyumba waliitwa, wakafika mlangoni, wakarudi kinyumenyume wakilia. Na jioni moja umeme ulipokatika, upepo wa ziwani ukipenya kwenye majabali juu ya nyumba, mkono ulijiinua kutoka kwenye shuka ukaielekea kona iliyo nyuma ya ndoo, kona isiyo na mtu, ukaita polepole kama anayemwita mtoto mwenye haya, na huko gizani kitu kizito, kilicholowa, kikaanza kujikokota sakafuni, mkono ukitulia nacho kinatulia, mkono ukiita nacho kinakuja, mpaka godoro likabonyea miguuni pa Prudencia.

"Queen," akanong'ona. "Ni wewe umekaa hapa?"

"Mimi niko huku ukutani." Queen akajikunyata. "Pru, hilo ni jini. Ni ule mchezo wako kwenye meza ya maiti. Kamwambie Dokta Kashaija."

"Nimwambie mwalimu nini? Tuliapa siku ya kwanza. Anayemdhihaki marehemu anafukuzwa. Na baba keshatangazia parokia nzima huko Bukoba kwamba ana daktari."

"Basi kaa nalo."

Akakaa nalo. Alijaribu mganga mmoja, Luhaga, nyuma ya soko. Luhaga alinusa tu kabla Prudencia hajaketi. "Hapana, binti. Hili linanuka hospitali. Lirudishe ulikolitoa." Tapeli angedai mbuzi mweusi. Prudencia alitamani sana awe tapeli.

Mkono nao ukaongeza maneno. Uligusa kifua chake, ukagusa midomo yake kwa ncha za vidole baridi, ukaita, kisha ukafunguka, kiganja juu, ukangoja. Kifua, midomo, njoo, kiganja. Tena na tena. Mtihani wa vitendo ulikuwa umekaribia na hakuweza kushika hata kalamu. Akaufunga mkono bendeji, akasema ameteguka.

Hivyo ndivyo alivyoingia kwenye ibada ya shukrani, ile ya kabla ya kuzika miili ya kujifunzia, ndugu wa marehemu wakiwa wamealikwa. Milango ilifungwa kwa sababu ya wadudu wa ziwani waliotanda nje kama moshi. Dokta Kashaija alihutubia kuhusu utu, kwa ile sauti ambayo watu huitunza kwa ajili ya wageni. Kisha akasimama mama mmoja wa Magu, Getruda.

"Mama yangu alilala meza ile ya dirishani," akasema.

Ilikuwa meza ya Prudencia na Queen.

"Alijitoa mwenyewe. Alikuwa kiziwi. Kila hospitali walimzungusha kwa sababu hawakumwelewa, akasema basi hawa madaktari wanaokuja waanzie kwake. Alisema kwa mikono. Mdomo mwingine hakuwa nao."

Harufu ikajaa ukumbini. Bendeji ikafunguka yenyewe, ikaanguka, na mkono ukapanda juu ya vichwa vya watu. Kifua. Midomo. Njoo. Kiganja.

Getruda akaja taratibu katikati ya viti. "Nani kakufundisha?"

"Shikamoo, mama. Sijafundishwa."

"Hizo ni ishara za nyumbani kwetu. Hakuna anayezijua isipokuwa mimi na mama."

"Zinasema nini?" Dokta Kashaija akauliza, na safari hii hakuwa na sauti ya wageni.

Getruda hakumtazama msichana. Alizungumza akiutazama mkono. "Anasema: 'Mimi nilisema njoo. Nilikuwa namwita nani?'"

Kiti kitupu nyuma ya Prudencia kikalia, kama kimekaliwa na mtu mzito. Maji yakadondoka sakafuni. Prudencia akamtazama Queen. Queen akaangalia viatu vyake. Milango ilikuwa imefungwa. Kiganja kilikuwa bado wazi mbele ya uso wake, kikingoja.

"Hakumwita mtu, mama," akasema, machozi yakimtoka. "Siku tuliyofungua mkono wake, Dokta alitoka kidogo. Nikazivuta kano zake kwa koleo, vidole vikajikunja. Nikawaambia wenzangu, njooni, bibi anawaita. Ni mimi. Nilimwitia watu waje wamcheke."