Kadi Iliyorefuka

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa kipimo. Katika duka la Ngoga mjini Mbarara, kati ya kompyuta zilizofumuliwa na mafungu ya nyaya, Kalume alitoa mfukoni utepe wa kupimia nguo wa marehemu mkewe, aliyekuwa mshonaji, akaunyoosha juu ya kadi ya grafiki kutoka ncha hadi ncha. Sentimita ishirini na nane. Kasha la kompyuta yake lilikuwa na nafasi ya thelathini.

"Mwalimu," Ngoga akacheka, "wewe napima kadi kama nataka kuishonea gomesi?"

"Shati likibana, mtu huvumilia. Hii ikibana, haiingii."

Alikuwa amesomea umeme Bukavu, na hakununua kitu kwa macho. Kadi ndiyo inayochora picha za mchezo. Akichukua inayoshinda nguvu ya pawasaplai, kisanduku cha kugawa umeme, kompyuta itazimika katikati ya mechi. Akichukua dhaifu, vijana wanaomlipa kucheza michezo nyumbani kwake Rubondo watamcheka na kwenda kucheza kwingine. Akauliza inahitaji umeme kiasi gani, kama prosesa yake ya zamani itaimudu, kama feni zake tatu zimewahi kubadilishwa. Ngoga alijibu yote.

"Ilikuwa ya nani?"

"Kijana moja Murundi, wa huko kwenu kambini Nakivale. Alikufa. Ndugu yake ndio naleta, hata wiki haijaisha."

Swali moja hakuliuliza, nalo kwao hata mtoto angeliuliza: je, matanga yameondolewa? Watu wa Kalume hawagusi chombo cha marehemu kabla jamaa hawajanyoa nywele na kugawa nguo zake. Lakini Kalume mwenyewe alikuwa na nywele za mwaka mzima kichwani, na vitenge vya mkewe Marthe vilikuwa bado vinaning'inia kwenye kamba chumbani. Jamaa walikuwa wamemwomba, akawaambia bado. Mtu aliyekataa kuondoa matanga ya mkewe angeyaulizaje ya wengine?

Nyumbani Rubondo, binti yake Eliane, wa miaka kumi na mitano, alimmulikia kwa tochi ya simu. Kadi haikuingia kwenye kasha. Kalume akaipima tena: thelathini na moja.

"Papa, ulipima mubaya."

"Sikupima vibaya."

"Basi ilikula chapati njiani ku Kaberebere, ikanenepa."

Wakacheka wote wawili, jambo lililokuwa nadra siku hizo. Kalume akaiweka kadi juu ya cherehani ya Marthe, iliyofunikwa kwa shuka tangu maziko, akaenda kulala. Kulipokucha aliijaribu tena, ikazama kwenye kasha bila kusukumwa, kama mguu unavyozama kwenye kiatu cha zamani.

Watu husema majini ni ya giza. Hili lilikuwa la jua. Kompyuta ilikula umeme wa sola iliyokuwa juu ya bati, kwa hiyo lilikuja mchana, jua likiwa utosini na watu wamejificha kivulini. Kwanza ilikuja harufu: udongo mbichi, udongo wa chini kabisa wa shimo, ukitoka vuguvugu kwenye feni. Kisha feni zikaanza kuzunguka kabla hajabonyeza swichi. Na ndani ya mvumo wake mlikuwa na sauti nyingine aliyoijua kuliko jina lake, taka-taka-taka, kituo, taka-taka-taka: cherehani ya miguu. Akageuka kuitazama ya Marthe. Shuka lilikuwa limetulia juu yake.

Siku iliyofuata alimkuta Eliane mbele ya skrini nyeusi, amevaa vipokea sauti masikioni, akiitikia kwa kichwa.

"Unaongea na nani?"

Msichana aliweka kidole mdomoni. "Usipige kelele, Papa," akanong'ona. "Anashona."

Tangu hapo hakula vizuri, hakwenda shule, na alipoitwa alichelewa kugeuka, na siku Kalume alipomlazimisha avae sare yake, ile aliyoshonewa na mama yake na iliyomkaa barabara Jumapili iliyopita, mikono ya sare haikufika tena kwenye vifundo, ikaishia kati ya kiwiko na kiganja, na ngozi iliyobaki wazi ilikuwa baridi na nyembamba kama iliyovutwa, na alipoinusa ilinuka udongo.

Akamwita jirani yake Mukamurenzi, aliyeongoza maombi katika kanisa dogo la pale. Mama huyo alifika mlangoni akasimama. Hakuvuka; alisikiliza habari yote, ya kadi na ya kijana Murundi, akiwa nje.

"Kalume," akasema kwa sauti ya chini, "hii si Marthe. Ni jini yenye kutafuta fasi ya maiti, penye batu banachelewa kufunga kilio. Kwa ule kijana ilikuta mulango wazi. Kwako pia. Choma hiyo masini, muhame."

"Sihami."

"Mutoto atakwisha!"

"Kwetu Fizi nilihamishwa na bunduki, mama. Rubondo sitahamishwa na feni tatu."

"Una kichwa nguvu."

"Ninacho. Nikalie na Eliane kwako leo. Akilia, usimwachie."

Eliane alilia. Walimsikia majirani wote. Kalume alifunga mlango, akaketi, akavaa vile vipokea sauti.

Mvumo kwanza. Kisha cherehani, karibu sana, na nyuma ya cherehani pumzi ya mtu anayeshika pini mdomoni, halafu sauti yake, ile ile, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni mwa maneno, ikamwita Baba Eliane, ikasema umechelewa, chakula kimepoa, mulete mutoto karibu, usizime, ukizima nitarudia kule kwenye udongo, na mikono yake mwenyewe, mikono ya mtu aliyepima kila kitu maishani mwake, ikaanza kusogea kuelekea kwenye kasha lililo wazi, polepole, bila yeye kuituma, mpaka ncha za vidole zikasikia upepo wa feni.

Akaufikia utepe mfukoni, akaukunja ngumini.

"Marthe alinishonea shati la harusi," akasema. "Kola ilikuwa ngapi?"

Cherehani ikasimama.

"Kola ilikuwa ngapi?"

"Ile unataka, Baba Eliane," sauti ikasema kwa upole. "Kipimo ni kile unataka."

Kalume akavua vipokea sauti. Marthe aliwahi kubishana na katekista asubuhi nzima kwa ajili ya nusu sentimita ya kanzu. Hakuwahi, hata akiwa kitandani na homa iliyomchukua, kumpa mtu kipimo anachokitaka.

"Ilikuwa thelathini na tisa," akaliambia kasha. "Na hiyo nafasi ya Marthe unayoikalia si yako."

Akazima, akachomoa waya ukutani. Feni ziliendelea kuzunguka. Aliketi akizitazama, nazo zikazunguka mpaka jua lilipozama, na hakuinuka.

Asubuhi yake alitoka na kiti na wembe, akaketi mlangoni ambapo kila mpita njia angemwona. Mukamurenzi alimnyoa, naye Eliane, macho yamemvimba, akammwagia maji. Kisha Kalume akaingia chumbani, akavishusha vitenge kutoka kwenye kamba, akawagawia wanawake waliokusanyika, kimoja kimoja, akitaja siku Marthe alipokivaa. Cherehani aliifunua, akampa Eliane.

Alipomaliza alimvisha Eliane sare, na mikono yake ilifika tena kwenye vifundo; kisha akaichomoa kadi, akaipima. Ishirini na nane. Akairudisha, akaunganisha waya, akavaa vipokea sauti, akawasha.

Alisikia feni. Alingoja, akangoja tena.

"Papa," Eliane akauliza kutoka mlangoni, "anasema nini?"

"Hasemi kitu," Kalume akajibu, na kwa mara ya kwanza tangu maziko akalia mbele ya mtu. Kisha akajifuta uso kwa kiganja, akapanga viti mbele ya skrini, akaenda kuwafungulia vijana mlango.