Wiki ya Nguo za Nyumbani

Kabla ya kunywa chai ya asubuhi, Nerima alikuwa na kazi moja asiyoipenda hata kidogo: kupiga pasi gauni la shule. Lilikuwa la kijani, lenye kola nyeupe iliyopenda kujikunja kama sikio la mbuzi. Mama yake alikuwa akijiandaa kwenda soko la Kikuubo, kwenye duka lake la nguo za watoto, aliposikia manung'uniko.

"Mama, wewe unauza magauni ya kila rangi. Kwa nini mimi nivae hili la kijani mwaka mzima?"

"Kwa sababu ndiyo sare ya shule yenu. Maliza, mwanangu, chai inapoa."

Nerima alisoma darasa la sita. Wazazi wake walitoka Bungoma, Kenya, wakahamia Kampala kufanya biashara, na sasa waliishi mtaa wa Bukoto. Rafiki yake mkubwa alikuwa Adoch, binti wa askari polisi aliyehamishwa kutoka Gulu. Nerima hakujua Kiacholi, na Adoch hakujua Kibukusu, basi walizungumza Kiswahili, na kwa kuzungumza sana wakawa wasemaji hodari kuliko wote katika chama cha Kiswahili shuleni.

Siku hiyo mwalimu mkuu, Bwana Olweny, aliwatangazia wanafunzi habari kubwa. Wazazi walikuwa wamebishana mkutanoni kuhusu sare. Wengine walitaka ziondolewe, wengine walikataa kabisa.

"Kwa hiyo tutajaribu," alisema. "Wiki ijayo kila mtu atavaa nguo za nyumbani. Siku ya Ijumaa, chama cha Kiswahili kitafanya mdahalo mbele ya wazazi, kisha kamati ya shule itaamua. Adoch atatetea sare. Nerima atazipinga."

Wanafunzi walishangilia mpaka kunguru wakaruka kutoka paani.

"Nitakushinda," Nerima alimnong'oneza rafiki yake.

"Jaribu uone," Adoch akajibu akicheka.

Jumatatu, uwanja wa shule uling'aa kama soko la maua. Nerima alivaa gauni la njano. Santo, mwenyekiti wa chama chao, alikuja na koti la mjomba wake lililomfunika hadi vidole, na Mwalimu Zulaika, mlezi wa chama, akamuuliza bibi harusi yuko wapi. Adoch alivaa gauni la zambarau lenye maua meupe, na wengi walilisifu.

Jumanne Nerima alivaa gauni la bluu. Adoch alivaa lile la zambarau. Jumatano Nerima alivaa jekundu. Adoch alikuja na zambarau tena, na pindo lake lilikuwa bado na unyevu kwa kufuliwa usiku wa mvua.

"Zambarau huyo amefika," alisema Amito wa darasa la saba, na wenzake wakaangua kicheko. Kufikia mchana jina lilikuwa limeenea. Adoch alitabasamu kana kwamba hajali, lakini chakula alikwenda kukila peke yake nyuma ya jiko. Nerima alisikia na kuona yote hayo. Hakucheka, lakini pia hakusema neno.

Alhamisi Adoch hakuja shuleni.

Jioni Nerima alikwenda kwenye nyumba za polisi. Alimkuta Bwana Obita, baba yake Adoch, akisugua viatu vyake mlangoni.

"Karibu, binti yangu. Mwenzako anasema tumbo linamsumbua."

Adoch alikuwa nyuma ya nyumba akiosha vyombo. Alipomwona Nerima aliinamisha kichwa.

"Tumbo haliumi," alisema kwa sauti ya chini. "Sina gauni jingine la kuvaa shuleni."

"Nitakuazima langu. Ninayo mengi."

"Leo utaniazima, na kesho? Nerima, nataka nikiwa darasani nifikirie hesabu, nisifikirie gauni." Kisha akainua uso. "Lakini kesho nitakuja. Siwezi kukuachia ushindi wa bure."

Nerima alirudi nyumbani. Wakati wa kula alimweleza mama yake kila kitu.

"Mama, nikisema niliyoyaona, nitashindwa."

"Na usiposema?"

"Nitashinda."

"Ushindi huo utaupeleka wapi?" mama aliuliza, akamwongezea mboga.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Wazazi walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwa juu. Santo alisimama na kuwakaribisha kwenye "mdaharo," watoto wakacheka, naye akacheka pamoja nao.

Nerima alianza vizuri. Alisema kwamba sare inauzwa katika duka moja tu, ni ghali, na humbana mtoto kabla haijachakaa. Alisema kila mtu ana rangi anayoipenda. Makofi yalilia. Angeweza kuketi hapo, lakini alibaki amesimama.

"Mwenyekiti, kuna jambo linaloidhuru hoja yangu, lakini ni kweli. Wiki hii mimi nilibadilisha magauni nikafurahi. Mwenzetu mmoja alichekwa kwa sababu alivaa gauni lile lile. Nami nilinyamaza. Kama tungekuwa na sare, asingechekwa."

Waliokuwa upande wake walishika vichwa. Amito alitazama sakafu.

Adoch akasimama. "Mwenyekiti, mwenzetu huyo ni mimi, na gauni lenyewe ndilo hili. Litazameni vizuri, maana ni zuri." Ukumbi ulicheka, lakini safari hii kicheko kilikuwa chake. Akangoja kitulie. "Ningeweza kuishia hapo nikashinda. Lakini mimi pia nina ukweli unaonidhuru. Tulipohamia Kampala nilikaa nyumbani wiki kadhaa, nikawaambia wenzangu baadaye kwamba niliugua malaria. Sikuugua. Sikuwa na sare, na nilirudishwa langoni. Sare inaweza kumkinga mtoto, na inaweza kumfungia mlango."

Santo alimtazama Nerima, akamtazama Adoch, akakuna kichwa.

"Waheshimiwa, anayepinga ameunga mkono, na anayeunga mkono amepinga. Mimi sijui ushindi nimpe nani."

Watu walicheka mpaka dawati moja likapinduka na mzee aliyelikalia. Kicheko kilipotulia, Bwana Obita alinyanyuka akiwa na kofia yake mkononi.

"Mimi pia ninavaa sare kila siku," alisema. "Nikiwa ndani yake hakuna anayejua kama nina shati jingine nyumbani. Sikujua binti yangu bado amebeba mambo haya moyoni. Naomba sare zibaki, ila lango lisifungwe."

Mama yake Nerima naye akaomba nafasi. "Duka moja la nini? Kitambaa cha kijani kimejaa Kikuubo. Nitaleta majora kwa bei ya jumla, na kila mzazi ashonewe na fundi wake." Mzazi mwingine akasema kwamba magauni yaliyowabana watoto wakubwa yapewe wadogo. Kamati ilinong'onezana kidogo tu, kisha Bwana Olweny akatangaza: sare zitaendelea, fundi yeyote ataruhusiwa kuzishona, na hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani kwa kukosa sare.

Amito aliwapenya watu hadi mbele. "Adoch, nisamehe. Lile neno lilikuwa baya."

"Nimekusamehe," Adoch akajibu. "Lakini utanisaidia kuosha masufuria ambayo chama kilipikia wazazi chai."

Mwalimu Zulaika aliwasimamisha Nerima na Adoch mbele ya ukumbi.

"Watoto wangu, watu wengi wakibishana huficha ukweli usiowafaa. Hawa wawili wameutoa hadharani, kila mmoja ule wa kwake. Kama mmoja angeuficha wake, leo tungeamua jambo nusu. Msiogope kushindwa kwa kusema kweli, kwa maana ukweli ukisemwa wote, hakuna anayetoka hapa ameshindwa."

Makofi yalilipuka. Rafiki hao wawili walishikana mikono, wakainama mbele ya wazazi, kisha wakatoka mbio uwanjani, ambako wenzao walikuwa tayari wameanza kuimba.